Walii Yuko Ziwani

Missouri City,
9 Februari 2025

Kaka yangu Ngwali,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Baridi ya Januari imetupita na mabomba ya maji hayakupasuka, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Mkono wa kulia bado haujarudi tangu kile kiharusi, ila ulimi umerudi: juzi kampa vidonge vyake fundi wa hita, kwa Kipemba kitupu, na yule Mmarekani kazi yake kuitikia yes ma'am, yes ma'am. Macho ndiyo hayamtoshi tena kusoma. Kwa hivyo ukijibu, jua barua nitamsomea mimi, na hakubali nirukie hata mstari. Mwanangu Afnan yuko chuoni Austin, anakuja na nguo chafu, anaondoka na nguo safi. Msalimie wifi yangu Yumna.

Najua utaishangaa karatasi. Nimekupigia simu tangu Disemba, na kila nikilifikia neno lenyewe, mara unaingia barabara kuu, mara mtandao unakatika, mara mkeo anakuita. Haya, karatasi haikatiki. Isome umekaa.

Mugisho ameniposa. Kaja kwako kwa adabu, akakuomba kwa mdomo wake, ukamwambia utamjibu, na hujamjibu. Mume wangu Abdulhafidh, Mungu amrehemu, ana miaka mitatu kaburini. Eda nilikaa, nikalia, nikamaliza. Mimi mtu mzima. Mchana nauguza wazee wa watu, jioni namuuguza mama yetu, na nimempata mtu anayenichekesha. Baba hayupo, ami hatuna, mtoto wa kiume sikujaaliwa. Walii wangu ni wewe peke yako. Nakuomba uje, ukae mbele ya imamu, utamke yale maneno mafupi ya kuniozesha, ule biriani, urudi zako Grand Prairie. Ni hilo tu.

Wala usiniulize nimemjulia wapi. Si wewe uliyemtuma kwangu, Aprili ya mwaka juzi alipohamia huku Houston kikazi, na sanduku la barafu limejaa wale samaki wenu wa ziwani? Krapi, wabapa kama changu, wana madoa meusi mwili mzima. Mama akasema samaki wa ziwani wananuka tope, hawatii mdomoni. Mugisho akaingia jikoni mwangu, akawaosha kwa ndimu na chumvi, akawakaanga mwenyewe, na Mama akala mpaka kichwa. Mlango umeufungua wewe.

Nangoja jibu, si salamu.

Mdogo wako,
Hasina


Grand Prairie,
27 Februari 2025

Mdogo wangu Hasina,

Waalaykum salaam. Barua imefika na nimeifurahia, mwandiko wako ule ule wa chuoni kwa Maalim. Sisi hatujambo. Yumna anakusalimu, mgongo unamsumbua, na nyumba yetu kama ujuavyo ina ngazi. Pale ghalani kazi ipo, wameniongezea zamu ya Jumapili, sikukataa. Mwambie Mama namwombea kila sala.

Huku maji yameanza kupata joto kidogo. Jumamosi nilitoka na kiboti changu cha bati, nikaenda ziwa la Joe Pool, nikamkuta krapi bado yuko kwenye kina, kazubaa kama mtu ana homa. Wakati wake haujafika. Mwisho wa mwezi wa tatu majike yanakuwa yamejaa mayai, na mvua ikilichafua ziwa ndipo wanaposogea ukingoni kabisa, kwenye visiki, maji ya magotini, wakatage. Wavuvi wa huku wakiona tope wanarudi nyumbani. Mimi na Mugisho ndipo tunapotoka. Hilo kanifundisha yeye, kwao Uvira ziwa liko mlangoni, na siwezi kumnyima haki yake.

Lile jambo lako nimelisoma. Mugisho sina neno naye. Ndiye aliyenitafutia kazi nilipofika hapa sijui kushoto wala kulia, na siku nilipovunjika mguu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Lakini kuvua na mtu ni jingine, na kumpa dada yako ni jingine. Tena mwezi mtukufu unaingia. Mambo haya hayataki pupa. Kawia ufike. Tutatazama baada ya Idi.

Kaka yako,
Ngwali


Missouri City,
15 Machi 2025

Kaka Ngwali,

Ramadhani karim. Saumu zinakwenda, alhamdulillahi. Mama hafungi, daktari kamkataza, lakini kila magharibi lazima tende ya kwanza iwe yake, na akiniona nasinzia kabla ya futari ananiambia nimekuwa mzee kuliko yeye.

Nimemsomea barua yako. Nilipomaliza akauliza, "Na harusi kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema krapi bado yuko kwenye kina." Akasema, "Huyo tangu mdogo. Ukimtuma chumvi, anakurudia na habari za mwenye duka."

Unaniambia kawia ufike. Na mimi nakujibu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nishangoja. Mugisho hakusilimu kwa ajili yangu, usije ukasema. Kasilimu mkononi mwako, msikitini kwenu, kabla hajaujua mlango wangu, na Fatiha umemfundisha wewe mkiwa ndani ya hicho kiboti. Ulijitapa kwa simu wiki nzima, mpaka Mama akasema huyu sasa atajiita sheikh. Mtu wa kuvua naye na kuswali naye anakufaa. Wa kunioa mimi hafai?

Kama una neno, liseme. Kama ni ukoo, sema ukoo. Kama ni kwa sababu katoka Kongo, sema Kongo. Na kama ni Mama, sema Mama, maana hizo ngazi zako nimezisikia. Mugisho keshatafuta nyumba ya chini, haina ngazi hata moja, na chumba cha mbele chenye dirisha ni cha Mama. Kasema hivyo mbele ya Mama mwenyewe. Hakuna anayekuletea mzigo.

Futari njema.

Hasina


Grand Prairie,
3 Aprili 2025

Mdogo wangu Hasina,

Idi mubarak, Mungu atukubalie. Tuliswali Jumapili, watu walijaa mpaka kwenye maegesho ya magari. Yumna kapika mikate ya mofa, si kama ya Mama, usimwambie. Mpe Mama mkono wa Idi kutoka kwangu.

Sasa ndiyo wakati wenyewe. Mvua imenyesha wiki nzima na ziwa limegeuka chai ya maziwa. Ungeniona ungecheka. Kwenye maji ya tope huitupi ndoana mbali. Unasogea taratibu mpaka kwenye kisiki chenyewe, unaishusha wima, karibu iguse gome, unaituliza. Samaki haoni mbali, lazima kitu kimfike puani. Na akiuma mshipi hauvutwi, unalegea, kwa sababu anauma huku anapanda juu. Asiyejua anadhani hakuna kitu, naye keshaliwa chambo. Madume yamekuwa meusi tii. Jike likishataga linakwenda zake, dume ndilo linalobaki juu ya kiota, linamkimbiza kila anayesogea. Nilipolitazama lile nikasema, hii ndiyo kazi yangu mimi. Baba kafa kaniachia nyinyi.

Umeutaja ukoo wewe, sikuutaja mimi. Kufu, wanaooana walingane, imo katika dini, Hasina, sikuitunga. Watu wetu wa huko kwenu Houston ndio wale wale wa Wete, na midomo yao unaijua. Watasema binti wa fulani kaolewa na mkimbizi aliyesilimu juzi, kaka yake alikuwa wapi? Atakayeulizwa ni mimi.

Hata hivyo sijakataa. Nimemwita Mugisho aje tuvue Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, wakati ndio huo wanataga. Nitazungumza naye kiume, uso kwa uso, nimpime. Ndani ya boti mtu hana pa kukimbilia.

Kaka yako,
Ngwali


Missouri City,
8 Aprili 2025

Kaka yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Barua yako nimeisoma kwenye maegesho ya kazini, nikacheka peke yangu, mwenzangu mmoja akaja kugonga kioo anadhani nalia. Mama kasema sasa umeanza kuwa mtu.

Watu wa Wete waseme, wakichoka watanyamaza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kunisaidia kumgeuza Mama ubavu. Na hilo dume lako jeusi nimemuuliza Mugisho. Kasema ni kweli linalinda, lakini watoto wakishaweza kuogelea linawaacha waende zao. Mimi nina miaka arobaini na sita, Kaka. Naogelea.

Lakini nimefurahi, wallahi nimefurahi. Siku hizi nikirudi nyumbani natembea kama msichana, hata Afnan kaniona, kanicheka. Zungumza naye. Muulize lolote, hata la kumuudhi, hataudhika. Nimempa kopo la achari ya ndimu akuletee, ile uipendayo, nimeianika mwenyewe nyuma ya nyumba. Usimpe Yumna yote.

Tumepanga mwezi wa tano, ukiridhia. Chagua wewe Ijumaa itakayokufaa na kazi yako.

Mdogo wako akupendaye,
Hasina


Grand Prairie,
21 Aprili 2025

Mdogo wangu Hasina,

Waalaykum salaam. Achari imefika, imeiva vizuri, Mungu akupe afya ya mikono. Sisi hatujambo. Mgongo wa Yumna vile vile.

Siku ile ya kumi na mbili ilikuwa siku, Hasina. Mvua ilishusha tope jipya, na ukingo wote wa mashariki, kwenye visiki, samaki walikuwa wamebanana wanataga. Mugisho kapata wanne mimi hata ndoana sijafunga. Ananitania vile vile na Kiswahili chake cha kwao, "Kaka, weye iko unavua ao unaswali?" Tulicheka sana asubuhi ile.

Kisha tukazungumza. Nikamkumbusha mambo mawili matatu ya dini, ambayo mtu mpya si rahisi kuyajua yote. Alisikiliza. Ni mtu msikivu, sikatai. Baada ya hapo akauweka ufito wake wa kuvulia chini, akasema mkono umechoka, akawa anayatazama maji tu. Mimi nikaendelea. Samaki waliuma siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kuvua, ndoo ilijaa, ikabidi tutumie sanduku la vinywaji. Nikamwambia achukue nusu awaletee nyinyi, akasema hapana, wape watu wa msikitini. Akaondoka mapema, hata wali aliopika Yumna hakuula. Kasema njia ndefu.

Hayo mengine si ya kuandika. Tuombe kheri.

Kaka yako,
Ngwali


Missouri City,
11 Mei 2025

Kaka Ngwali,

Salaam. Mama alilazwa kwa kifua, sasa karudi nyumbani, anakohoa lakini anakula. Najua Afnan alikwambia, kwa sababu maua yako yalifika. Mama aliyapapasa akauliza yanapikwaje.

Sasa nisikilize. Tangu atoke kwako, Mugisho kaja hapa mara moja tu. Kasimama mlangoni na viatu vyake, kamsalimu Mama kutoka hapo hapo, mimi kaniita dada, kaondoka. Dada! Mtu aliyekuwa akiingia anauliza kuna nini chunguni. Nikipiga simu hapokei. Nikimwandikia ananijibu Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Nyumba yangu ipi? Nimekaa na biriani kichwani, nimekaa na nguo ya kijani niliyoshona, nimekaa na Mama anayeniuliza kila asubuhi Ijumaa gani.

Umemwambia nini ndani ya ile boti?

Sikuulizi samaki walikuwa wangapi, wala tope lilikuwa la rangi gani. Nakuuliza maneno. Yaandike.

Hasina


Grand Prairie,
25 Mei 2025

Mdogo wangu Hasina,

Waalaykum salaam. Tumefurahi kusikia Mama katoka hospitali. Mwangalie sana na kiyoyozi, kifua hakitaki ubaridi.

Huku joto limeshaingia. Krapi wamemaliza kutaga, wamerudi kwenye kina, kazi imekwisha mpaka mwakani. Kiboti nimekigeuza kifudifudi nyuma ya nyumba.

Unajitesa bure. Mwanamume akinyamaza, huko kunyamaza ndiko kujibu. Kisicho riziki hakiliki. Pengine kaona mwenyewe kuwa hamlingani, na mimi simlaumu. Tena ukitazama kwa akili, ni kheri. Mama kakuzoea wewe, wewe ndiye unayejua dawa zake na saa zake na namna ya kumnyanyua. Huku kwetu ungemweka wapi, na hizi ngazi? Shukuru ulichonacho, Bi Hasina. Wangapi wanatamani kumuuguza mama yao wapate pepo.

Yumna anakusalimu.

Ngwali


Missouri City,
1 Juni 2025

Ngwali,

Nilimwendea. Nikavaa baibui langu la Idi, nikasimama nje ya kiwanda anachofanyia kazi, kwenye jua la Houston, watu wanatoka wananitazama, na mimi nimesimama. Alipotoka akataka kurudi ndani. Nikamwambia ukirudi nitaingia.

Haya ndiyo maneno yake, nakuandikia kama alivyoyasema: "Mama Afnan, kaka yako aliniambiaka uko na bwana ya Maskati, alishakuposa, mulishakubaliana. Dini inakataza kuposa juu ya posa ya mwenzako. Njo maana nilinyamaza. Sikutaka kukutia haya."

Mtu wa Maskati! Mtu gani wa Maskati, Ngwali? Ana jina? Ana masharubu? Lo, hata uongo wenyewe umeshindwa kuupamba.

Ungemwambia humtaki, angekuomba tena. Ungemtukana, angekusamehe, ndivyo alivyo. Wewe ukajua huyu hazuiliki na kitu ila dini, kwa sababu yeye anaifuata kweli, sisi tuliozaliwa nayo tunaifuata kwa mazoea. Ukamfundisha Fatiha ndani ya boti, na ndani ya boti hiyo hiyo ukalichukua neno la Mtume, ukalitia kwenye ndoana. Kisha ukaendelea kuvua! Mwenzako kaweka ufito chini, roho imemtoka, na wewe ndoo inajaa. Ukaniandikia barua kunisimulia. Una moyo wa namna gani? Nimekulilia siku mbili, si yeye, wewe. Nilikuwa na kaka.

Imamu wetu hapa nimemweleza yote. Kasema walii akikataa bila ya sababu ya sheria, uwalii unamtoka, unakwenda kwa kadhi, na hapa kwetu hakuna kadhi, ni yeye. Lakini lazima kwanza akupigie, akusikie na wewe. Mugisho karudi, hajui acheke au alie, na mpaka leo anakuita kaka, nimemkanya, haachi. Pokea hiyo simu. Useme umekosea, uje ukae pale. Sikuombi kwa ajili yangu tena. Mama anataka akuone umekaa pale.

Hasina


Grand Prairie,
11 Juni 2025

Hasina,

Barua yako haikuwa hata na salamu. Sikulelewa hivyo na wewe hukulelewa hivyo.

Imamu wenu kapiga, sikupokea, na akipiga tena sipokei. Hanifundishi dada yangu ni nani.

Umetaka niseme, haya nasema. Lile neno nililisema. Sikulipanga. Mugisho kainama anafunga ndoana, ananichekea, ananiita shemeji tayari, anaeleza chumba cha Mama kitapakwa rangi gani, likanitoka. Nilipoona limemwingia nikaliacha.

Wewe unaona chumba chenye dirisha. Mimi naona mwaka mmoja mbele. Mwanamume gani anaoa na mama mkwe juu yake? Leo anamkaangia samaki. Kesho atachoka kumsikia akikohoa, atachoka kumtoa msalani, atakuuliza, kwani huyu mtoto wake wa kiume yuko wapi? Mtanifungia safari mniletee Mama hapa. Na Yumna keshaniambia, si mara moja: Mama akiingia mlango huu, yeye anatoka. Nitafanya nini? Nina miaka hamsini na tatu, mguu uliotiwa chuma, zamu mbili. Nikimpoteza Yumna nimekwisha. Hujawahi kuniuliza mimi naishije hapa.

Kwa hivyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Usiolewe sasa. Sisemi kabisa. Mama ni mtu mzima, mgonjwa, juzi katoka hospitali. Subiri mpaka Mwenyezi Mungu amchukue mja wake, kisha olewa na umtakaye, na mimi mwenyewe nitakuja kukuozesha, kwa mikono miwili, huyo huyo Mugisho.

Hili usimsomee.

Kaka yako,
Ngwali


Missouri City,
22 Juni 2025

Ngwali,

Nimeolewa juzi Ijumaa, baada ya alasiri, sebuleni kwangu, ili Mama asipate taabu ya kwenda msikitini. Walikuja watu wachache, na mashahidi wawili wa msikitini. Afnan kapika biriani kwa mara ya kwanza, kaliunguza chini, tukala hivyo hivyo.

Barua yako nimemsomea. Sikutaka. Nilipofika penye "subiri mpaka" nikaikunja karatasi, nikamwambia imekwisha. Akasema, "Ngwali hamalizi barua hivyo. Soma." Nikamwambia, Mama, kasema hili nisikusomee. Akasema, "Basi ndilo langu. Soma." Nikasoma, Ngwali. Nilisoma yote. Hakulia. Aliomba maji, akanywa. Kisha akaniuliza harusi saa ngapi, na akataka Afnan ampake hina mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi.

Siku yenyewe, wageni wameshakaa, Mugisho kakaa kwenye zulia anatokwa na jasho kama mwanafunzi wa mtihani, imamu akakupigia kwa mara ya mwisho. Aliiweka simu mezani tusikie sote. Ikalia mpaka ikakatika. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa naangalia mlango, nakuambia ukweli, mpaka dakika ile nilikuwa naangalia mlango.

Imamu ni mtu wa adabu. Hakuniuliza mimi. Aliinuka akaenda akainama mbele ya kiti cha Mama, akamwambia pole pole, "Bibi, mwanao hakupokea. Tumngoje kidogo, au niendelee?"

Tangu alipotoka hospitali ulimi wake umekuwa mzito tena, nusu ya maneno namtafsiria mimi. Haya hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alinishika mkono, akamwambia imamu, "Mimi mwanangu ni huyu mmoja. Endelea."

Hasina